Mama Waliyemwita Mukavu

Kasulo, mtaa wa Kolwezi ambako watu walichimba kobalti mpaka chini ya vitanda vyao, neno mukavu lina kazi nyingi. Muhogo uliokaa juani vya kutosha ni mukavu. Ukuni unaowaka bila moshi ni mukavu. Bitoyo, samaki wa chumvi anayefika sokoni amekauka kama ubao, ni mukavu kuliko vyote. Neno hilo likiambiwa mtu, maana yake ni kwamba uso wake hautoi kitu. Hacheki penye furaha, halii penye msiba, na ukimtazama hujui kilicho ndani. Si tusi la kupelekana kwa mkuu wa mtaa. Ndiyo sababu watu hulitumia bila woga, na ndiyo sababu linaumiza. Aliyetukanwa anaweza kujibu tusi. Aliyeelezwa tu kwamba yuko hivi atajibu nini?

Mama aliyepewa neno hilo ni Ntumba. Anauza makaa mbele ya nyumba aliyoachiwa na marehemu mume wake. Magunia yanatoka Mutshatsha, kwa treni siku treni inapotembea, na siku nyingine kwa baiskeli ambazo vijana huzisukuma njia nzima kwa sababu mzigo hauachi nafasi ya kupanda. Ntumba hufungua magunia, huvunja mapande makubwa kwa mikono, kisha hupanga mafungu juu ya gunia tupu. Jua likipanda kidogo, uso wake mzima umekwisha kuwa mweusi kwa vumbi. Uso wa namna hiyo hauwezi kuficha chozi. Tone moja likishuka linaacha njia, na njia hiyo inaonekana mpaka jioni.

Waliomjua zamani wangecheka kusikia jina la Mukavu, maana Ntumba alikuwa mtu wa machozi. Katika kwaya ya kanisa sauti yake ilikuwa ya kwanza kuanza na ya kwanza kukatika. Wimbo ukigusa habari za msalaba alishindwa kuendelea, na wenzake walizoea kuumaliza bila yeye. Alilia kwenye harusi za watu asiowajua vizuri. Redio ya mji iliposoma matangazo ya vifo, alisimamisha mwiko ndani ya bukari, na ugali ukaungua.

“Mama,” mwanawe Gael alimwambia siku moja, “ule marehemu wa ku redio ni ndugu yetu?”

“Hapana. Simujue.”

“Sasa unamulilia ya nini?”

“Kuko mama yake, analia peke yake. Mi namusaidia tu.”

Sadrack, ndugu yake Gael, alikuwa amekaa mlangoni. Alicheka mpaka akainama. “Aah, mama! Basi ufungue ka duka. Tuandike pa mulango: Maison Ntumba, tunalia mahali penu!”

Ntumba alimtupia kitambaa cha jikoni, akaendelea kulia na kucheka pamoja. Mume wake Godefroid Lukusa, fundi wa mashine, alipokufa kwa ugonjwa wa kifua, wanawake walimfunga kitenge kiunoni na kumshika pande zote asijitupe kaburini. Hakuna aliyemwita mukavu siku hiyo.

Gael, aliyetangulia kuzaliwa, na Sadrack walikuwa mapacha. Kwa Waluba wa Kasai, na Ntumba ni mmoja wao, wa familia zilizoletwa na kazi ya migodi tangu siku za mababu, kuzaa mapacha ni jambo zito. Wa kwanza kutoka ni Mbuyi, wa pili ni Kabanga, hata kama ubatizo utawapa majina mengine. Mama yao haitwi tena kwa jina lake. Anakuwa Mwa Mbuyi, mama wa Mbuyi, na watu wazima humpisha njiani. Anaimbiwa nyimbo zenye matusi ya kuchekesha, naye lazima ayapokee kwa kucheza. Vitu vyote ni viwiliviwili na sawasawa, nguo kwa nguo, sahani kwa sahani. Ukimgombeza mmoja, mwite na mwenzake agombezwe. Wazee husema mapacha wana masikio ya pamoja. Akiitwa mmoja, wanasikia wote wawili.

Vijana hawa walimaliza shule ya sekondari, wakakosa kazi, wakaingia kwenye shimo la jirani. Shimo hilo lilichimbwa ndani ya chumba cha kulala na kufunikwa kwa turubai ili mpita njia asilione. Ntumba alikataa. Kisha akanyamaza, kama wazazi wengi wa Kasulo walivyonyamaza magunia ya mawe yalipoanza kuleta mchele mezani. Kunyamaza huko kulikuwa kosa, na sitalifunika kwa sababu lilifanywa na wengi. Nyumba ambayo wenye nyumba wanaila kutoka chini haiwezi kuwalinda watoto.

Msimu wa mvua kubwa, Gael alishuka. Sadrack alibaki juu kushika kamba. Udongo ulianguka bila kelele nyingi, mlio mzito tu kama gunia lililotupwa sakafuni. Sadrack alivuta kamba. Ikaja nyepesi.

Walipokuja kumwambia Ntumba, alikuwa ameinama juu ya gunia lililo wazi. Alisimama. Kinywa chake kilikuwa kimekwisha kufunguka kwa kilio wakati mkono ulipokiziba kutoka nyuma. Ulikuwa mkono wa Kankolongo, shangazi wa marehemu mume wake, bibi mwembamba mwenye sauti kavu, ambaye ndiye aliyekuwa akimletea makaa kutoka Mutshatsha. Alikuwa amefika na mzigo wiki hiyo.

“Nyamaza, Mwa Mbuyi! Mapacha, sisi hatubalilie.”

Ntumba alipigana na ule mkono. Bibi hakuuondoa.

“Sikia. Mbuyi hakufe. Ameenda kutafuta chumvi, njo tunasema. Ukimulilia atageuka, ataona njia iko wazi, ataita mwenzake.”

“Mama, ni mutoto wangu…”

“Bote bawili ni batoto yako. Mumoja angali hapa. Unamutaka ao haumutake?”

Hilo ndilo swali aliloulizwa, amesimama katikati ya makaa, na hakupewa muda wa kulifikiria. Ntumba alikuwa Mkristo. Kama ungemuuliza Jumapili, baada ya ibada, kama chozi la mama linaweza kumwua mtoto, angekujibu hapana bila kusita. Lakini hakuulizwa Jumapili. Hakuamini, ila hakuthubutu kujaribu. Mzazi anayetaka kumcheka na ajiweke mahali pake kwanza. Ni nani angemweka mtoto aliyebaki kwenye mizani ili ajue kama wazee walisema kweli?

Alifunga kinywa.

“Na Sadrack?” aliuliza, sauti ikiwa chini.

“Usimuelezee. Ukimuambia sababu, umemutajia kifo, umemuonyesha njia kwa kidole. Akae tu bila kujua.”

Kilio kilifanyika uani. Wanawake wa Kasai waliimba nyimbo za mapacha, zile zile za kuzaliwa, na matusi yake, na vicheko vyake vya lazima. Walimweka Ntumba katikati, matawi mawili ya majani mikononi, naye akacheza. Hakuwa amenawa. Vumbi la makaa lilikuwa bado usoni, na chini ya lile vumbi hakuna aliyeona kitu. Wachimbaji vijana, wenyeji wa kila upande wa Kongo, walisimama ukutani na kofia mikononi, hawajui watazame wapi.

Fifi alikuwepo. Ni jirani wa Ntumba, mwenyeji wa Kindu, aliyefika Kolwezi na mume mchimbaji na kubaki bila yeye. Anauza munkoyo, kinywaji cha mahindi, hatua chache kutoka kwenye makaa. Si mwanamke mbaya. Ni mwanamke ambaye ulimi wake hutangulia.

“Hii ni kilio ao ni ndoa?” aliwauliza waliokuwa karibu naye. “Mumuangalie pa mashavu. Makala imejaa, na hata mustari moja ya machozi hakuna. Bengine banalilia kuku! Huyu mama ni mukavu. Mukavu kama bitoyo.”

“Hata bitoyo, mama Fifi,” kijana mmoja alijibu, “ukiitia mu maji inalainika.”

Walicheka, mkono mdomoni, kama watu wanavyocheka kwenye msiba. Mzaha ule ulitembea Kasulo haraka kuliko habari ya kifo chenyewe. Kabla mwezi haujaisha wateja walikuwa wakisema, “Mama Mukavu, unipatie fungu moja,” na wengi hawakukumbuka tena kwamba lilianza kama dhihaka. Walimvua Mwa Mbuyi, jina la heshima, wakamvika jina la samaki.

Wakasai wachache wa mtaa waliojua sababu hawakusema. Baadhi yao walishika katazo, maana maneno hayo hayasemwi mahali ambapo pacha aliyebaki anaweza kuyasikia. Wengine, nadhani, waliona tu kwamba jambo hilo haliwahusu.

Sitaisifu desturi hii. Desturi inayomtaka mama alinde uhai wa mtoto wake kwa njia inayomfanya mtoto huyo amchukie ni ngumu mno, na kama ningekuwa na uwezo ningemwondolea. Lakini waliomhukumu bila kumuuliza hawakuwa wakitetea kitu chochote, si desturi wala dini. Walikuwa wakijifurahisha. Tunadhani machozi ni kipimo cha upendo kwa sababu yanaonekana. Kwa kipimo hicho mnafiki mwenye macho mepesi atatupita sote.

Aliyeumia zaidi alikuwa Sadrack.

Jioni moja, muda mfupi baada ya maziko, Ntumba alipakua chakula. Aliweka sahani mbili kama zamani, moja mbele ya Sadrack, moja mbele ya kiti kitupu. Sadrack hakunawa mikono.

“Mama, unanikasirikia juu ya ile kamba?”

“Hapana, mwanangu.”

“Nilivuta. Mungu anajua nilivuta.”

“Najua. Kula, bukari inapoa.”

“Baba alikufa, ulilia mpaka bakakufunga kitenge. Ulikuwa unalilia bantu ba ku redio, mama! Bantu haubajue hata majina! Gael, mutoto yako, hata tone moja?” Sauti yake ilipanda, kisha ikashuka. “Banakuita mukavu ku njia. Mi napigana nabo. Juzi nilivunja muntu jino. Sasa mi mwenyewe najiuliza, napigania nini?”

Ntumba alitazama sahani ile iliyokuwa mbele ya kiti kitupu. Mvuke ulikuwa bado unapanda.

“Lia,” Sadrack alisema. Alitoka kwenye kiti chake, akapiga magoti kando ya mama yake, kijana mrefu mwenye mabega ya kazi. “Nakuomba. Lia mara moja tu, mbele yangu. Nikiona ulimupenda yeye, nitajua hata mi unanipenda. Kisha sitakuuliza tena.”

Ntumba aliubana ulimi kwa meno mpaka akaonja damu. Alihesabu nyufa za ukuta. Alifikiria kamba, kisha akaitupa fikra hiyo haraka, kama mtu anayeshika kaa la moto. Kichwa cha mwanawe kilikuwa karibu na mkono wake. Angeweza kukishika, na kama angekishika angelia. Hakukishika.

“Nikuongezee sombe?” aliuliza, akilisogeza bakuli la majani ya muhogo.

Sadrack alisimama polepole. Alimtazama kama mtu anayejaribu kukumbuka alimwona wapi. Kisha akaingia chumbani, akakunja nguo zake, na kufikia asubuhi alikuwa ameondoka na kundi la wachimbaji kwenda mgodi mwingine, upande ambao hakuutaja.

Watu walisema hata mtoto aliyebaki amemkimbia. Walisema hivyo mbele yake wakipimiwa makaa. Ntumba aliwapa makaa yao.

Sadrack alipiga simu siku za sikukuu. Alipiga, tuseme, kama mtu anayekwenda kugusa kidonda kuona kama kimepona.

“Mama, uko?”

“Niko. Na we?”

“Niko.” Nyuma yake zilisikika pikipiki na muziki. “Bado mukavu?”

“Bado.”

Na simu ikakatika. Ntumba aliendelea kuishika sikioni kwa muda mrefu, mpaka wateja wakachoka kusubiri.

Alikuwa ameacha kwaya. Wenzake walidhani ni kiburi, au aibu. Ukweli ni kwamba aliogopa nyimbo. Redio nayo aliifunga ndani ya kabati. Mtu aliyezaliwa na machozi mepesi hawezi kuyazuia kwa kufumba macho tu. Inambidi aache kila mlango ambao yangeweza kupitia. Aliacha kuwatembelea wenye watoto wachanga. Aliacha harusi. Alipita mbali na nyumba ile yenye turubai. Maisha yake yakawa njia ya kutoka kitandani hadi kwenye makaa, na ya kurudi. Watu waliotazama waliona mwanamke asiyeguswa na kitu. Walikuwa wakitazama kazi ngumu kuliko yoyote iliyofanywa katika mtaa ule, na mtaa ule unajua kazi ngumu.

Miaka ikapita namna hiyo. Kisha Kankolongo akaugua. Alifika kutoka Mutshatsha amelala juu ya magunia yake mwenyewe, mwepesi kama mmoja wa watoto wa jirani, na Ntumba akamlaza katika chumba cha mapacha. Hakupona. Siku moja kabla ya kufa alimwita karibu.

“Ulishika vizuri,” alimwambia. “Nilikupatia muzigo, ukashika. Usiangushe sasa.”

Alipofariki, Ntumba alitoka uani, akaanguka chini, akalia.

Juu ya bibi huyu hapakuwa na katazo. Alikuwa mzee, hakuwa pacha, kila mtu aliruhusiwa kumlilia. Ntumba alilia kwa sauti ambayo Kasulo haikuwahi kuisikia. Kwanza watu walikuja mbio wakidhani nyumba imezama. Walimkuta amekaa katika vumbi, miguu imenyooka, machozi yakishuka juu ya weusi wa makaa mpaka uso wote ukawa na mistari, na mistari ikaungana, na ngozi yake ikaonekana. Wachimbaji walioacha chupa zao za munkoyo walisimama wakimtazama.

“Kumbe iko na machozi!” mmoja alisema, na hakuna aliyecheka.

Alimwomboleza Kankolongo kwa jina, kama inavyotakiwa. “Mama Kankolongo, umeniacha na nani? Mama Kankolongo, makala yako nani ataleta?” Alirudia jina hilo, akalishika kama ukingo wa daraja. Lakini kilio kina nguvu zake. Katikati ya maneno alisema, “Mwanangu…” Kisha akanyamaza ghafla, akajiziba kinywa kwa mikono miwili, macho yamemtoka kwa hofu. Hakulia tena, wala siku hiyo wala makaburini.

Fifi aliona. Alikuwa amekaa karibu, na safari hii ulimi wake haukutangulia.

Siku ya pili baada ya maziko, Fifi alivuka njia na chupa ya munkoyo, kama jirani anayekuja kutoa pole. Alimkuta Ntumba amekaa nyuma ya magunia, simu mkononi. Alikuwa akipiga, akisikiliza, akipiga tena. Kila mara sauti ile ya mashine ilimjibu kwamba namba haipatikani.

“Mama Ntumba,” Fifi alianza, “usinikasirikie. Mutoto wako haukumulilia. Huyu bibi, Mungu amupokee, alikuwa amekula miaka yake, na we umemulilia mpaka mutaa muzima umeshangaa. Mi nataka tu kujua. We ni muntu wa namna gani?”

Ntumba aliuliza swali lake.

“Fifi, ulikuwa pale. Nilipokuwa nalia, nilitaja jina ya nani?”

“Ya bibi.”

“Peke yake?”

“Mara moja ulisema ‘mwanangu’. Kisha ukajifunika mudomo.”

Ntumba aliiweka simu juu ya gunia. “Basi njo vile. Nilidhani nilijizuia. Nimemuua.”

“Nani?”

“Sadrack. Tangu ile siku simu yake haipite.”

Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu mkono ule ulipomziba kinywa, alieleza. Alieleza habari ya Mbuyi na Kabanga, ya chumvi, ya njia iliyo wazi. Alieleza sahani mbili, na Sadrack amepiga magoti. Alieleza kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja bei, kwa sababu hiyo ndiyo sauti pekee aliyoweza kuitumia bila kuvunjika. Fifi alisikiliza, chupa mkononi, hajaiweka chini.

“Njo mi nilikupatia ile jina,” Fifi alisema mwishowe.

“Najua.”

“Ulijua?”

“Nilikusikia nikiwa nacheza. Masikio yangu haikukauka, Fifi.”

Fifi alikaa chini, palepale kwenye vumbi la makaa, na kitenge chake kizuri. Hakuomba msamaha kwa maneno. Nadhani aliona maneno yake yamekwisha kufanya ya kutosha.

“Gael hakuliliwe na muntu,” Ntumba alisema. “Baba yake alikuwa amekwisha kufa. Mudogo yake alilia kwa hasira, hiyo si kulia. Banawake betu baliimba. Mi nilicheza. Mutoto ameenda bila chozi hata moja.” Alimtazama jirani yake. “We hauko wa kwetu. We hakuna kitu inakufunga.”

Fifi alielewa alichoombwa. Mwanzoni hakuweza, machozi ya kuagizwa hayatoki upesi. Alikaa ameinamisha kichwa. Kisha akamkumbuka Gael mwenyewe, kijana aliyembebea dumu la maji kutoka kisimani bila kutaka kitu, aliyemwita Madame Kindu na kuonja munkoyo kwa uso wa mtaalamu kabla ya kusema, “Leo imekosa kidogo, lete ya pili nihakikishe.” Alicheka kidogo alipolikumbuka hilo, na kicheko kikageuka.

“Taja jina yake,” Ntumba alisema. Alikuwa ameushika mkono wa Fifi, ameukaza, uso wake ameugeuzia juu, macho wazi, makavu.

“Gael!” Fifi alilia. “Gael we! Mutoto muzuri! Tulikucheka siku yako, Gael, utusamehe!”

“Tena.”

“Gael!”

Simu ililia juu ya gunia. Ntumba aliitazama kabla ya kuishika, kama mtu anayeogopa kufungua mlango.

“Mama?” Ilikuwa sauti ya Sadrack. “Naona umenipigia mara mingi sana. Kuko nini?”

Ntumba alifumba macho. “Uko?”

“Niko. Tulikuwa mbali, simu haikukuwa na rezo. Nani analia pale?”

“Ni Fifi.”

“Analilia nani?”

Fifi alikuwa amenyoosha mkono. Alitaka ile simu. Machozi yalikuwa yanamdondoka kidevuni na alikuwa anatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo, nipe nimwambie. Ntumba aliusukuma mkono wake pembeni, si kwa ukali.

“Analilia ndugu yako,” alisema.

Sauti ya kijana ikaja imepasuka. “Fifi wa munkoyo analilia Gael. Na we mama yake unaongea na simu.” Alivuta pumzi. “Kweli, mama. Kweli uko mukavu.”

“Ndiyo, mwanangu. Unakula vizuri?”

Simu ikakatika.

“Juu ya nini haukunipatia!” Fifi alimpigia kelele. “Ningemuelezea yote! Angerudi leo leo!”

“Ungemuonyesha njia.”

“Lakini anakuchukia!”

“Anapumua,” Ntumba alisema. Aliifuta simu kwa upindo wa kitenge, akaiweka kifuani. “Umesikia sauti yake ile? Iko na nguvu. Acha aniite vile. Siku ataacha kuniita mukavu, njo nitaogopa.”

Fifi alijifunika uso na kuanza kulia upya, na sasa hakumlilia Gael.

Mchimbaji mmoja alisimama mbele ya magunia, mfuko wa plastiki mkononi, akiwatazama wanawake wawili waliokaa chini. “Mama Mukavu,” alisema, “iko makala ao mumefunga?”

Fifi aliinuka kwa hasira, kinywa wazi. Ntumba alimvuta kitenge akamrudisha chini, kisha akasimama mwenyewe na kujipangusa magoti.

“Iko,” alimjibu. “Karibu, mwanangu. Chagua fungu.”